Wa Mwisho Kuchukuliwa

Kama kuna mtu aliyewahi kutukanwa kwa kufanya jema, basi ni Mama Scholastique, direktrisi, mwalimu mkuu wa shule ya msingi kule Mudzipela, mtaa wa mji wa Bunia. Tena alitukanwa kwa sababu ya gurudumu.

Lori la mihogo lilipasuka gurudumu karibu na soko. Puu! Ni hilo tu, ndugu zangu, gurudumu! Lakini amani ya miaka ile ilikuwa amani ya kulala na viatu miguuni, na aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Soko likatawanyika, meza zikapinduka, na vumbi halijatua bado Bunia nzima ilikuwa inajua kwamba washambuliaji wameingia. Nani amewaona? Hakuna. Kila mtu ameambiwa na mwenzake.

Wazazi wakaivamia shule.

"Fungula mulango! Leta mutoto yangu!"

Mama Scholastique akasimama kwenye lango, lesso imefungwa kiunoni, mkono umeshika komeo. Utaratibu wake ulijulikana: mtoto hatolewi kwa kundi, hutolewa mkononi, mmoja mmoja, kwa mtu wake mwenyewe. Haukutoka kitabuni utaratibu ule. Katika mbio za vita vya zamani watu wenye roho nzuri waliokota watoto wowote waliowakuta njiani wakakimbia nao, na kuna mama aliyemtafuta mwanawe hadi mji wa mbali wa Niania, akampata mtoto amekwisha kuzoea kumwita mwingine mama. Tangu hapo Mama Scholastique alikwenda shule hadi shule akiwashawishi madirekta wenzake wafanye hivyo hivyo.

"Weye mama uko na roho ya jiwe!" alimfokea baba mmoja. "Kwa sababu wako haiko humu!"

Hapo alimgusa penyewe. Wake hakuwamo humo, kweli. Rébecca, mjukuu wake wa pekee, alisoma upande wa pili wa mji, kwa Direkta Baudouin, maana bibi hakutaka watu waseme mtoto anapewa pointi za bure. Mama yake Rébecca alikuwa mbali, Niania, akihangaika na biashara. Katika mji mzima mtoto yule alikuwa na mtu mmoja tu wa kumchukua, na mtu huyo ndiye huyu aliyeshika komeo. Akilini alimwona Rébecca akisukumwa barabarani, akimwita bibi yake "Koko! Koko!" na hakuna wa kumwitikia. Uchungu wa mwana haujui cheo.

"Muingie mumoja mumoja," alisema. "Tutawapa wote. Grâce, huyu ni nani yako?"

"Papa."

"Enda naye, mutoto yangu. Mushikane mukono."

Wakapungua hivyo. Walimu nao walikuwa na watoto wao, akawaruhusu waende. Mchana ukafika, habari za gurudumu zikaanza kuzunguka na watu wakaanza kucheka kwa aibu, lakini nani angeziamini upesi? Uani akabaki mtoto mmoja, Davy wa darasa la kwanza, kamasi na machozi vimechanganyika. Mama yake, Geneviève, alikuwa mchuuzi wa samaki wa ziwani, mgeni mjini, na hakuna aliyejua amekimbilia wapi.

Mlinzi wa shule akamwonea huruma direktrisi. "Mama, uende tu. Miye nitamuchunga huyu."

Lo, jinsi alivyotaka! Miguu ilikwisha kugeuka. Lakini Davy alikuwa amemng'ang'ania lesso, na kila mlinzi alipomkaribia alipiga yowe. Mama Scholastique akamnyanyua, akamweka mgongoni na kumfunga kama mtoto mchanga, akazunguka naye uani huku yeye mwenyewe akilia kimya. Alimkasirikia mtoto yule, niwaambie ukweli, na wakati huo huo akampapasa miguu hadi akalala.

Jua lilikuwa limeinama Geneviève alipotokea, kiatu kimoja mguuni, kingine hajui kilipo. Hakusema asante. Alimchukua mwanawe mgongoni pa mwenzake, akakaa chini palepale na kumnusa kichwa. Mama Scholastique hakungoja asante. Alikwisha kutoka langoni.

Hapakuwa na pikipiki ya moto-taksi hata moja. Aliukata mji kwa miguu, mwanamke mnene aliyekula chumvi nyingi, akisema peke yake njia nzima: "Mungu, usinilipe hivi. Usinilipe hivi."

Shule ya Baudouin ilikuwa kimya. Direkta mwenyewe alikuwa ameketi kizingitini, koti mapajani, na kando yake msichana wa miaka tisa amekunja mikono.

"Jirani wenu alikuja kumuchukua," alisema Baudouin, "nikamukatalia. Anisamehe. Hakuwa mutu wake."

Mama Scholastique akashika ukuta. Rébecca hakuinuka.

"Koko, batoto yote bamechukuliwa. Uliniacha wa mwisho."

Angeweza kusema njia zilifungwa. Angeweza kusema kazi. Akapiga magoti mavumbini mbele ya mtoto.

"Ndiyo. Nilikuacha wa mwisho. Kwangu kulibaki mutoto moja, mama yake hajafika, na sikuweza kumuacha. Nilikuwa nakufa, Rébecca. Lakini sikuweza."

Mtoto akamtazama, midomo imefura.

"Alikuwa analia?"

"Sana."

"Ulimubeba?"

"Nilimubeba kwa mugongo."

Rébecca akasimama, akazunguka nyuma ya bibi yake na kumkumbatia shingo kwa mikono yote miwili.

"Basi unibebe na miye."

Baudouin akataka kukataza, mtoto ni mkubwa, mama amechoka. Hakusikilizwa. Mama Scholastique akajifunga lesso upya, akaguna, magoti yakalia, akainuka naye, miguu mirefu ya mtoto ikining'inia karibu na ardhi. Wakashika njia ya Mudzipela hivyo hivyo, na watu wakawacheka barabarani.