Kadi ya Palpa Namba Mbili

Jumanne ya kwanza ya Julai, saa mbili kasoro robo asubuhi, Lusia aliivuta droo ya tatu ya kasha la kadi, na droo haikuja. Akavuta tena kwa mikono miwili. Kasha zima, ambalo lilikuwa la mninga na liliachwa na wenye shamba wa zamani, likasogea kidogo sakafuni likimfuata, lakini droo haikufunguka.

Ndani ya kasha hilo mlikuwa na kadi mia mbili na kumi na nne. Kila mtambo wa kiwanda cha kahawa ulikuwa na kadi yake, kuanzia injini kubwa hadi pampu ya mferejini. Mbele iliandikwa namba ya mtambo, mwaka, ukubwa wa beringi na urefu wa mkanda. Nyuma kiliandikwa kila kilichofunguliwa, kilichofungwa na kilichohamishwa, pamoja na tarehe na sahihi. Mwaka ule wa themanini na mbili vipuri vilikuwa vimeadimika, na mtambo mmoja ulivuliwa ili mwingine utembee. Lusia aliandika kwenye kadi zote mbili, ya uliovuliwa na ya uliovikwa, ili fundi asije akatafuta kitu mahali kisipokuwapo. Hakuna kilichoruhusiwa kufutwa. Ukikosea, unapiga mstari mmoja, unaweka sahihi na kuandika upya chini yake. Kadi ikichafuka hadi isisomeke, inanakiliwa yote kama ilivyo, na ile ya zamani inagongwa muhuri wa IMEBATILISHWA.

Akamwita Clemensi, opereta, aliyekuwa akinawa mikono kwa dizeli hapo nje. Clemensi akavuta, akashindwa, akamwita Sulemani wa mizani.

"Mama Katarina," Sulemani akamwambia Lusia, "umefungia nini humu, jiwe la kusagia?"

"Kadi tu."

"Kadi za wapi hizi zinazokataa kutoka?"

Walifungua skrubu za droo kwa upande wa mbele. Kadi zilitoka moja moja, nyepesi, hadi walipoifikia ya Palpa Namba Mbili, mtambo wa kumenya kahawa mbivu. Hiyo Clemensi aliishika kwa vidole viwili, kisha kwa mikono, kisha akaomba gunia. Wakaiteleza juu ya gunia, wakashika pembe nne, Lusia akisaidia pembe moja na Clemensi mbili, wakaipeleka kwenye mizani ya kupokelea kahawa. Kila kizito pale kiwandani kilipelekwa huko.

Sulemani alisukuma jiwe la mizani polepole hadi mkono ukatulia.

"Sitini na moja," akasema. Akatazama tena. "Huyu ni Hhando."

Clemensi alivua kofia. "Ndiye."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mawe ya kujaribia mizani yaliibwa miaka sita nyuma, na maombi ya mengine hayakujibiwa. Tangu hapo, kila msimu ulipofunguliwa, Sulemani aliijaribu mizani kwa Hhando, mume wa Lusia na opereta wa palpa hiyo, kwa sababu Hhando hakubadilika. Mwaka wa njaa alikuwa kilo sitini na moja, na mwaka wa mavuno sitini na moja. Msimu huu Hhando alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita, na Sulemani alikuwa hajui atafungua vipi.

"Basi mizani iko sawa," akasema, akaandika tarehe kwenye daftari lake. Dirishani wachumaji wa kwanza walikuwa wameshafika na vikapu.

Lusia aliigeuza kadi kwa tabu na kuusoma upande wa nyuma. Mistari mitatu ya mwisho ilikuwa kwa mwandiko wa Hhando, uliolalia kushoto.

*9/3. Kinga ya mkanda imetolewa kwa amri ya ofisi. Wavu wake umekatwa kuziba meza ya kuanikia namba 6. Mkanda uko wazi.*

*2/5. Kinga haijarudi. Naomba irudishwe kabla ya msimu.*

*14/6. Kinga haijarudi. Kesho tunajaribu mitambo.*

Tarehe kumi na tano Juni walijaribu mitambo. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni, na Hhando alivaa koti lake la baridi. Mkanda ulidaka pindo la koti. Taarifa ya ofisi ilisema uzembe wa opereta, na palpa ikasafishwa siku hiyohiyo.

Saa nne meneja alimwita Lusia.

"Ndugu Lusia, kadi ya Palpa Namba Mbili imechafuka."

"Inasomeka, Ndugu Meneja."

"Ina mafuta."

"Ina mafuta mbele. Nyuma inasomeka."

Meneja alifunga dirisha, ingawa nje hapakuwa na mtu. "Ijumaa anakuja mkaguzi kutoka makao makuu. Akisoma habari za kinga atafunga mtambo. Kahawa mbivu ikilala siku mbili inachacha. Unajua tumeahidi tani ngapi?"

"Afunge mpaka wavu urudi. Wavu wenyewe uko meza namba sita, nauona kila siku nikija kazini."

"Ukitolewa kule kahawa itadondoka chini."

"Itaokotwa."

"Nakili kadi upya," akasema. "Kinga iandike kuwa ipo. Ile ya zamani uigonge muhuri, na uzito utabaki nayo. Tutaiweka stoo."

"Na nisipoandika hivyo?"

"Nyumba za kambini ni za wafanyakazi, Ndugu Lusia. Wewe na binti yako mko namba ngapi vile?"

"Kumi na nane."

"Kumi na nane. Ina paa zuri."

Siku ya Jumatano Lusia alikaa mezani na kalamu ya wino na kunakili. Alianza na mwaka wa mtambo, akaja kwenye beringi, akateremka msimu kwa msimu. Alipofika Machi aliweka kalamu chini, akaenda mlangoni. Palpa ilikuwa ikitembea na Clemensi amesimama pembeni yake kifua wazi, kwa kuwa mkanda haudaki ngozi kwa urahisi kama unavyodaka nguo. Baridi ya Oldeani ilikuwa imemtoa vipele mikononi. Lusia alirudi, akaandika mistari yote mitatu, neno kwa neno, akampelekea meneja.

Meneja alisoma hadi mwisho, akaichana nakala hiyo vipande vinne. Akachukua kadi tupu na kuandika mwenyewe. Mahali pa kinga aliandika: *ipo, imefungwa.* Akaweka tarehe ya Mei na sahihi yake.

Alipoinua kalamu kutoka kwenye sahihi, mguu wa meza yake ulipasuka. Kadi mpya ilitelemka na meza, ikatua sakafuni kwa kishindo na kuvunja kigae. Wakati huohuo kadi ya zamani, iliyoletwa ofisini kwa gunia na kuwekwa karibu na mlango, iliinuliwa na upepo wa chini ya mlango na kwenda kujibanza kwenye mguu wa kiti.

Meneja aliitazama meza, akakitazama na kigae.

"Mwite seremala," akasema. "Na hiyo nyingine igonge muhuri."

Lusia aliigonga muhuri. Ilikuwa nyepesi kama kadi yoyote. Hakuipeleka stoo. Alikunja kitenge juu yake, kiunoni, na pale ikakaa hadi Ijumaa. Usiku alipovua kitenge aliilaza chini ya mto, na binti yake Katarina hakuuliza.

Mkaguzi alifika Ijumaa saa nane badala ya saa tano, kwa sababu alipanga foleni ya mafuta Karatu. Alikuwa mtu mwembamba mwenye tai ya kahawia na mafua. Watu wanne walimletea kadi juu ya machela waliyoitengeneza kwa milunda ya mikrevilea, ile miti ya kivuli cha kahawa, wakaiweka chini.

"Ndiyo ile nzito?" akauliza.

"Ndiyo, Ndugu Mkaguzi," meneja akasema.

"Kilo ngapi?"

"Sitini na moja."

"Juzi shamba jingine nimekuta ya hamsini na tano. Ya msumeno wa mbao." Akachutama, akaisoma hapohapo chini, akapenga kamasi. "Kinga ipo. Vizuri. Tukaone mtambo."

Palpa ilikuwa kazini. Maji yalikuwa yakienda mferejini na maganda mekundu, na mkanda ulizunguka wazi, kwa kasi, ukipiga upepo uliotikisa karatasi za mkaguzi. Hatua tatu kabla ya kuufikia, mkaguzi alisimama. Aliingiza tai yake ndani ya shati, kati ya kifungo cha pili na cha tatu, akaibana kwa kiganja, kisha akauzunguka mtambo kwa mbali kidogo huku akiweka alama za vema kwenye fomu. Clemensi alimsalimia kwa kichwa. Mkaguzi akajibu kwa kichwa.

Lusia alimsubiri karibu na mfereji, mahali ambapo meneja hakuweza kumwona. Akatoa kadi kiunoni.

Mkaguzi aliisoma upande wa nyuma mara mbili. "Mwandiko wa nani huu?"

"Wa mume wangu."

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Naomba uufunge mtambo."

"Kadi hii imegongwa muhuri."

"Muhuri nimegonga mimi mwenyewe. Lakini kinga haipo. Umeona."

"Nimeona."

"Umeficha tai."

Mkaguzi alijigusa kifuani kwa mkono, pale tai ilipokuwa bado imefichwa, na hakuitoa. Nyuma yao mkanda ulikuwa ukiunguruma.

"Mama, mimi nakagua kadi iliyomo kwenye kasha," akasema. "Kasha likisema ipo, ninaandika ipo. Nikianza kukagua zilizobatilishwa sitafika Mbulu mwaka huu." Akamrudishia kadi kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha watu. "Itunze vizuri. Usiiloweshe."

Taarifa yake ilikuja baada ya wiki mbili. Mitambo yote ilikuwa katika hali ya kuridhisha. Kulikuwa na mapendekezo mawili. Kwanza, kadi ya Palpa Namba Mbili ijengewe nguzo ya zege ili isiharibu sakafu ya ofisi. Pili, kadi zote ziongezwe safu ya uzito, ijazwe kila mwisho wa mwezi.

Saruji ililetwa kwa Landrova Jumatatu iliyofuata, mifuko sita, mwaka ambao duka lolote la Karatu lilikuwa halijaona saruji tangu Pasaka. Mwashi aliijenga nguzo vizuri, akaisakafia juu ikateleza, akaacha kijishimo cha ukubwa wa kadi ili isisogee. Meneja alikuja kuitazama, akampongeza. Lusia alichukua rula na kuchora safu mpya kwenye kadi mia mbili na kumi na nne. Kazi hiyo ilimchukua siku nne. Kadi mia mbili na kumi na tatu alizipima kwa mizani ndogo ya sampuli. Ile moja aliipeleka kwa Sulemani ikibebwa na watu wanne, akaipima, akaandika 61.

Kuhusu wavu wa kinga, ofisi ilisema umeagizwa.

Agosti ilikuja na ukungu mzito zaidi. Asubuhi moja, kabla mtambo haujawashwa, Lusia alikuwa dirishani kwa mizani akichukua hesabu ya siku iliyopita, Clemensi akaja na kupanda juu ya mizani bila kusema neno.

"Shuka wewe, si gunia," Sulemani akasema.

"Nipime."

Sulemani alimtazama usoni, akaacha mzaha nusu. Akasukuma jiwe. "Sitini na tisa. Wenzako tunakosa hata unga, wewe unanenepa."

"Viatu hivyo." Clemensi alivua viatu vyake vya mpira, akapanda tena na soksi.

"Sitini na saba na nusu."

"Na nusu usiisahau." Akamgeukia Lusia. "Shemeji, naomba uiandike mahali."

"Mahali gani?"

"Utakapoona panafaa. Nisije nikaleta ubishi baadaye, watu wakaanza kusema huyu ni nani."

Sulemani aliinamia daftari lake ingawa hakuwa na cha kuandika.

"Usiwashe leo," Lusia akasema.

"Atawasha nani?"

"Asiwashe mtu."

"Nikikataa atawekwa Patrisi. Patrisi ana watoto wadogo kuliko wangu, na yule hajui kuvua shati, ana aibu." Akaangalia nje, ambako wachumaji walikuwa wamepanga vikapu hadi kwenye lango. "Andika, shemeji. Nikiona imeandikwa nitafanya kazi kwa utulivu."

Lusia alitoa kadi ya zamani kiunoni, akailaza juu ya ubao wa dirisha. Chini ya mistari mitatu ya Hhando palikuwa bado na nafasi ya mistari minne au mitano. Aliandika kwa wino, kwa kuwa penseli haikuruhusiwa: *11/8. Kinga haijarudi. Opereta Clemensi, kilo 67½.* Akaweka sahihi. Clemensi aliinama, akaisoma huku midomo ikicheza, akaridhika.

"Imekaa vizuri," akasema.

Kisha akavua shati, akalikunja mara mbili, akampa Lusia amshikie lisipate mafuta, na akaenda kuwasha injini.