Kitenge Ndani ya Mama Bariki

Mimi sina kifua cha kuweka mambo. Kitu kikiniingia masikioni asubuhi, mchana kishatoka mdomoni, na mtaa wetu mzima wa Gungu unanijua hivyo. Sasa fikiria mtu wa namna yangu akae na shaka juu ya mumewe wiki baada ya wiki bila kumwambia mtu. Niliteseka, jamani. Nilitaka kujua jambo moja tu: Gideon ana mwanamke nyuma ya rasi ya Bangwe, au hana?

Ilikuwa mwaka ule wa vita vya Zaire, watu wakivuka ziwa kwa mitumbwi, kwa maboti, kwa chochote kinachoelea. Mji ulijaa. Kuni zilipanda bei, foleni ya bombani ikarefuka, na kila mtu akawa anamtazama mwenzake mara mbili. Ilitangazwa kwamba wageni wote waende kambini na anayewaficha atakiona. Mimi pale bombani nilisema waziwazi: wakusanywe, tumechoka, na mimi nikimwona mmoja amejificha namshika mkono mwenyewe nampeleka. Wenzangu waliitikia, tukaendelea kujaza ndoo.

Gideon ni mtu wa Bangwe, babu yake alitoka ng'ambo zamani hizo. Kazi yake useremala, raha yake mashua. Pale Bangwe kulikuwa na klabu ya mashua za tanga: watu wa bandari, watu wa reli, walimu, na Wazungu wachache wa mashirika, wote wakikutana Jumapili kushindania kikombe cha bati kilichopakwa rangi ya dhahabu. Gideon alijenga mashua yake kwa mikono yake, ndogo, nyepesi, akaandika ubavuni kwa rangi nyekundu: MAMA BARIKI. Bariki ni mwanetu wa kwanza. Mama Bariki ni mimi. We acha tu, siku ile nilivimba kichwa, nikapita pale ufukweni nikijifanya natafuta kuni.

Mashindano makubwa ya mwaka yalipokaribia, mazoezi yakawa ya kila jioni. Sikuona tabu. Tabu ilianza nilipokutana na Nasri sokoni, yule jamaa aliyekuwa akimshikia Gideon kamba za tanga.

"Shemeji, mbona uko huku? Si mko mazoezini?"

"Aa, shemeji, mimi nimepumzishwa. Kasema anataka kuizoea mashua peke yake."

Ebo! Mashua ya watu wawili, mtu anaizoea vipi peke yake? Nikamuaga, nikaondoka roho iko juu.

Nikaanza kuangalia. Sabuni ya kuogea, kipande kizima, haipo. Nikajiambia sawa, mwanamke lazima aoge. Sukari ikapungua kwenye kopo, na mimi ndiye ninayepima sukari nyumbani kwangu. Unga, dagaa, kibiriti. Gideon alikuwa anarudi miguu imejaa mchanga, shati limelowa, na nikimuuliza upepo ulikuwaje anasema ulikuwa mzuri. Siku nyingine mimi nimekaa uani na jani la mgomba halitikisiki, bwana anasema upepo ulikuwa mzuri!

Halafu nikafungua sanduku kutafuta shuka, nikakuta sweta haipo. Sweta ya manjano, ndogo, niliyomfumia binti yetu Happiness alipokuwa mchanga. Happiness sasa yuko shule. Nilikaa chini sakafuni. Mama yangu! Kumbe si mwanamke tu. Kumbe wana mtoto!

Jamani, niliumia. Nasema wazi, niliumia hadi chai ya maziwa ikanishinda kunywa. Nikaapa moyoni kwamba sitamuuliza chumbani, maana chumbani atanidanganya. Nitamuumbua mbele ya watu, palepale klabuni, siku ya mashindano, mbele ya kikombe chao. Nikatoa gauni langu la kanisani, nikalipiga pasi.

Jumapili hiyo ufukwe ulifurika. Mwenyekiti wa klabu, Mzee Selestini, mstaafu wa bandari, alikuwa na firimbi shingoni na darubini mkononi. Njia ya mashindano ilikuwa hivi: unatoka ghubani, unazunguka rasi ya Bangwe, unakwenda kusini hadi pipa la bluu lililofungwa nanga mbele ya Ujiji, unalizunguka, unarudi. Wakishapita rasi, sisi wa klabuni hatuwaoni tena. Ni huko nyuma ya rasi nilikokuwa nakuchukia.

Firimbi ikalia. Matanga yakajaa. Mama Bariki ikatoka mbele, Gideon peke yake ndani, na nyuma yake Feliksi. Huyu Feliksi nimtaje vizuri. Alikuwa kijana hodari wa usukani, mcheshi, na mjini kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kutafuta wageni wasio na vibali. Watu walicheka naye mbele yake na kumwogopa nyuma yake. Wakapotea nyuma ya rasi, nasi tukabaki tunatazama maji.

Wa kwanza kurudi alikuwa Feliksi. Wakafuata walimu, wakafuata Wazungu, mmoja amepoteza kofia. Wakaja watu wa reli. Wote wameshavuta mashua nchi kavu, wanakunywa soda, Gideon haonekani. Wanawake wakaanza kunitazama kwa huruma, wakidhani nahofia amezama. Thubutu! Nilikuwa nahofia asizame kabla sijamuumbua.

Akaja wa mwisho kabisa, tanga limejaa upepo kama la wenzake. Na Feliksi, badala ya kushangilia ushindi wake, alikuwa amefunga kitambaa chekundu kwenye kamba ya mlingoti. Kwao maana yake ana malalamiko, na malalamiko lazima yasikilizwe siku hiyohiyo.

Wakaweka meza barazani. Mzee Selestini akakaa, watu wakazunguka, na mimi nikapenya hadi mbele na gauni langu la pasi.

"Shikamoo Mzee," Feliksi alianza. "Mimi silalamiki juu ya ushindi. Nalalamika kwa sababu Gideon aliacha njia. Tulipopita rasi aliingia kwenye kile kighuba cha mawe. Nilipozunguka pipa nikirudi, nilimkuta anashuka kuelekea Ujiji, na ndani ya mashua alikuwa na mtu."

"Gideon, ni kweli?"

"Upepo ulinikatikia, Mzee," mume wangu akasema, macho chini.

"Ulikukatikia wewe peke yako?" Watu wakacheka.

Feliksi akaenda kwenye mashua yetu, akainama, akatoka na kitu chini ya tanga la akiba. Kitenge. Kitenge cha Zaire, cha bei, maua makubwa ya zambarau, kimelowa. Akakitupa mezani. Macho yangu yalikitazama kile kitenge na damu ikanichemka hadi masikio yakaziba. Mimi navaa khanga iliyopauka, na yeye anatembea na mwanamke wa kitenge cha zambarau, ndani ya mashua yenye jina langu! Nikakinyakua mezani ili nimpige nacho usoni.

Nikakishika, na mkono ukagoma. Kilinuka mkojo wa mtoto. Kilinuka maziwa yaliyochacha. Upande mmoja kilikuwa kimechanwachanwa vipande virefu, vya kufungia miguu, na kimoja kilichobaki kinaning'inia kilikuwa na damu iliyokauka. Katikati kilikunjamana ile mikunjo ya mbeleko, mtoto akibebwa mgongoni safari ndefu. Mimi nimebeba watoto, naijua.

"Mtu huyo alikuwa amelala kifudifudi sakafuni," Feliksi akaendelea, sasa bila ucheshi. "Anayetembezwa kwa raha hukaa akatazama ziwa. Mzee, mimi nasema huyu anavusha wakimbizi. Nipe vijana wawili na gari, kabla jua halijashuka nitakuwa nimempata huko Ujiji."

Kila mtu akawa anamtazama Gideon, na waliokuwa karibu naye wakasogea pembeni kidogo. Nami nikamtazama. Nilikuwa nimejiandaa kuona haya usoni pake, ile haya ya mwanamume aliyefumaniwa. Haikuwepo. Alikuwa anaogopa. Na hakuwa anamtazama Feliksi, wala Mzee Selestini. Alikuwa ananitazama mimi.

Hapo akili zikanikaa sawa. Sabuni, unga, sweta ya manjano. Na maneno yangu yote niliyokuwa nimeyapanga tangu wiki ile, neno kwa neno, yalikuwa bado mdomoni. Nikayatoa, na yaliyopungua nikayabuni.

"Mkimbizi gani? Mkimbizi gani, Feliksi? Huyo ni hawara yake!"

Watu wakaguna. Nikakitupa kitenge kifuani kwa Gideon.

"Wiki ngapi sasa nakuvumilia? Sabuni yangu inaogewa na nani? Sukari yangu inanywewa na nani? Mwanamke wa Mwandiga, ana kibanda chake barabarani pale, mnamjua, msijifanye hamumjui! Umempakia ndani ya Mama Bariki? Ndani ya jina langu, Gideon? Huna haya!"

"Mama," Feliksi akasema, "sasa kwa nini alale kifudifudi?"

"Kwa sababu ananijua! Anajua nikimwona namchana! Na ameshushwa Ujiji ili apande basi dogo arudi kwake Mwandiga bila kupita hapa nikamshika. Nenda Mwandiga, utamkuta anakula dagaa wangu!"

"Anaitwa nani?"

"Unataka jina lake ili umfuate na wewe?"

Baraza likapasuka kwa kicheko. Hata wale Wazungu, walipotafsiriwa maneno yangu, walicheka. Feliksi alitabasamu kwa mdomo tu, macho yake bado yananipima, na mimi nilijua kwamba nikinyamaza kidogo atauliza tena. Kwa hiyo nikafanya ambacho sikuwa nimekipanga. Nikaketi chini kwenye saruji na gauni langu la kanisani, nikalia. Nililia kwa sauti, na machozi yalikuwa ya kweli, maana nilikuwa nimeyaweka siku nyingi.

Feliksi akasonya, akakifungua kile kitambaa chekundu kwenye mlingoti wake. "Mambo ya ndani haya," akasema, akaenda kuchukua kikombe.

"Gideon," Mzee Selestini akasema, "klabu si nyumba ya wageni. Chukua mashua yako, usiilete hapa tena."

"Nimesikia, Mzee." Halafu mbele ya watu wote akanipigia magoti. "Nisamehe, Mama Bariki."

Tulikwenda nyumbani mimi mbele yeye nyuma, watoto wa njiani wakituimbia. Nilipofunga mlango ndipo nikamgeukia.

"Nani huyo?"

"Anaitwa Agape. Mumewe anatafutwa, na wanaomtafuta wameshavuka, wako hukohuko kambini. Nilimkuta kighubani na mtoto mgonjwa. Leo nimempeleka Ujiji kwa Bibi Mwanaima, shangazi wa mama yangu."

"Na mimi ulishindwa kuniambia? Mimi mkeo? Unaniacha naungua roho, nadhani una nyumba ndogo, na wewe unajua?"

Akaanza kuchezea pindo la kitenge.

"Niliona unanishuku, Honorata. Nikasema heri unishuku hivyo." Akakiweka kitenge magotini. "Nilikusikia pale bombani. Ulisema utamshika mkono mwenyewe. Hata Agape nilimwonya."

Nilitaka kumpigia kelele. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikakumbuka kwamba nilisema, na kwamba nilikuwa namaanisha.

Nilikifua kitenge kile kwa sabuni iliyobaki, nikakianika ndani, juu ya kitanda, si uani. Kesho yake nikakunja nguo nyingine za Happiness, nikatia sukari kwenye karatasi, nikaenda Ujiji kwa miguu. Njiani wanawake walinipa pole. Mmoja alinishika mkono akasema wanaume ndivyo walivyo, nikaitikia ndiyo, dada, ndivyo walivyo.

Nyumba ya Bibi Mwanaima nilielekezwa na Gideon. Nikapiga hodi, Bibi akanifungulia, na ndani nikamwona Agape ameketi mkekani. Alikuwa msichana tu, mwembamba, miguu imefungwa matambara ya zambarau, na kwenye paja lake kalala mtoto ndani ya sweta yangu ya manjano. Nikamnyooshea kitenge chake. Nilidhani atafurahi.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Mama Bariki. Mke wa Gideon."

Uso wake ukabadilika. Akamfunika mtoto kichwa kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma kwa matako hadi ukutani, na pale ukutani akaanza kunisihi kwa Kiswahili cha kwao, polepole, nisimshike mkono.