Mwendo wa Katikati

Dalali wa boti alijulikana mjini kote kwa jina la Punguzo, kwa kuwa hajawahi kumpunguzia binadamu hata senti. Ua lake lilikuwa kando ya gati, boti chakavu zimepangwa juu ya magogo kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Asubuhi ile alimpokea yule fundi mchomeleaji kwa mikono miwili.

"Nilijua utarudi," alisema. "Jana uliondoka hapa miguu tu. Moyo uliuacha kwenye boti."

"Leo nimekuja na mwenye safari," mchomeleaji akajibu, akaonyesha pikapu kwa kidevu. Nyuma, juu ya godoro, baba yake alikuwa amelala chali, mikono kifuani, akipiga mluzi.

Mzee huyo alitengeneza injini za boti maisha yake yote, mpaka siku aliposhuka ngazi ya meli kwa mgongo badala ya miguu. Mwenyewe ndivyo alivyopenda kuisimulia. Pingili mbili zilivunjika zikaunga vibaya. Juu ya hilo, sasa figo nazo zimegoma, na mara tatu kwa wiki sharti alazwe kwenye mashine ya hospitali ya mjini asafishwe damu. Kwao ni kisiwani, ng'ambo ya maji, na boti ya abiria huvuka mara moja tu kwa wiki. Basi tangu augue amekuwa akilala sebuleni kwa binti yake hapa mjini. Mume wa binti ni mtu wa heshima zake, amevumilia, lakini nyumba ni chumba na sebule na watoto ni wengi. Juzi alimwambia mchomeleaji, shemeji yake, kwamba mwisho wa mwezi ndio mwisho. Hakufoka. Alisema huku akitazama sakafu, na afadhali angefoka.

Ndiyo maana mchomeleaji alikuwa anatafuta boti ya kumrudisha mzee kisiwani na kumvusha siku za mashine. Mageti na madirisha anayochomelea wiki nzima yangemwachia chakula na pipa moja la petroli, basi. Pipa moja, safari tatu, kwenda na kurudi. Boti itakayotaka zaidi ya hapo haimfai hata akipewa bure.

Alishazungukia zote. Ile ya dizeli haikuwa na ulaji wa mafuta, lakini ilitembea kama bibi harusi. Mzee angefika hospitali mashine ameshapewa mwingine. Ya injini moja ilimtia hofu: ikizimika katikati ya maji na mgonjwa ndani, nani wa kumwita? Nyingine ilikuwa na injini mbili za kuchanganya oili kwenye petroli, kuukuu, zinakunywa kama zimelipiwa. Ikabaki hii. Injini mbili za mapigo manne, zisizotaka kuchanganyiwa oili, umri mmoja, sauti moja. Jana, alipoisukumia mafuta, pua iliinuka kisha ikashuka, boti ikapanda juu ya maji ikateleza kama sabuni kwenye beseni. Punguzo alikuwa amefunga dumu jeupe mahali pa tangi ili mnunuzi ajionee mwenyewe, na petroli ndani yake ilishuka kidogo, kwa adabu. Pipa moja lingetosha na kidogo cha akiba kingebaki.

Usiku mchomeleaji akalala usingizi wa mtu aliyepata. Asubuhi ndipo alipokumbuka kwamba jana mzee hakuwemo.

Walilitandika godoro kwenye sakafu ya boti, katikati ya mabenchi.

"Hizi mashine ni pacha," mzee akauliza akiwa amelala, "au umeokota moja huku na moja kule?"

"Pacha, mzee wangu. Tumbo moja."

"Haya. Tutasikia kama na baba ni mmoja."

Walitoka taratibu. Mzee alisikiliza amefumba macho, akatikisa kichwa akiridhika, akaanza kuwasimulia habari za nahodha mmoja aliyekuwa akiisalimia injini yake kabla ya kumsalimia mkewe. Maji yalikuwa na viwimbi vidogo tu, vya kawaida. Mchomeleaji akasukuma mbele vishikio vyote viwili vya mafuta.

Boti ikainua pua, ikajivuta, ikapanda. Kisha sakafu ikapiga wimbi la kwanza. Hadithi ikakatika. Likaja la pili, la tatu, kila moja kama nyundo kwenye bati. Mchomeleaji akageuka. Baba yake alikuwa ameachama mdomo wote wazi, na sauti haitoki.

Akarudisha vishikio nusu.

Mapigo yakalainika. Mzee akapata pumzi, akajifuta uso. Lakini sasa boti ilikuwa imekalia matako, pua juu, inaburuta nyuma yake kilima cha maji, na injini zinaguna. Mchomeleaji akatazama dumu. Petroli ilikuwa inashuka waziwazi, kama mtu anayeteremka ngazi.

"Hapo ndipo pabaya, fundi," Punguzo alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa tena na maneno ya kibiashara. "Boti ya umbo hili inataka moja kati ya mawili: itambae au ipande. Katikati inalima maji kama trekta."

"Tukizima moja?"

"Zima uone."

Wakazima moja, wakainyanyua kutoka majini. Boti ikaenda upande kama kaa, na ile moja iliyobaki ikalia kwa uchungu wa kubeba peke yake. Dumu halikuona unafuu wowote. Wakaiwasha tena. Wakasogeza godoro mbele, wakalirudisha nyuma. Wakapanga maboya yote chini yake, hata Punguzo akavua koti lake la mvua akalichomeka chini ya kiuno cha mzee. Kila walipopanda, mdomo uliachama. Kila waliposhuka, dumu lilinywewa. Mchomeleaji alitafuta kwa vidole, unywele kwa unywele, ule mwendo mmoja ambao baba na pipa wangepatana. Haukuwepo.

"Mwanangu."

"Naam, baba."

"Unaendesha kwa woga."

"Naangalia mafuta."

"Mwongo. Unaniangalia mimi. Mafuta unayamwaga, nayasikia." Mzee akameza mate. "Panda."

"Baba, mgongo..."

"Mgongo ni wangu, boti ni yako. Kila mtu achunge chake. Nipe hilo taulo la kwenye benchi."

Akampa. Akasukuma vishikio mpaka mwisho, akakaza macho kwenye dumu asitazame pengine. Sakafu ilipiga, ikapiga, na nyuma yake hakusikia neno. Dumu likatulia. Petroli ikashuka kidogo, kwa adabu ileile ya jana, na kwa muda mfupi mchomeleaji akafurahi. Alipogutuka na kujikuta anafurahi, akatamani apate mtu wa kumpiga ngumi.

Gatini mzee alitoa taulo mdomoni. Pembe moja ilikuwa imetafunwa mpaka nyuzi.

"Chombo kizuri," alisema. "Chukua."

"Ni mara tatu kwa wiki, baba. Kwenda na kurudi."

"Kuhesabu nilikufundisha mimi."

"Tutatafuta kwingine. Nitaongea na shemeji."

"Utamwambia nini ambacho hakijui? Yule kijana amelala kwa kubanana chumba kimoja na wanawe miezi mizima kwa ajili yangu. Nataka kitanda changu, nataka mama yako anigombeze kwa karibu." Akamrudishia taulo. "Au una boti nyingine mfukoni?"

Mchomeleaji hakuwa nayo. Alimtazama Punguzo, naye Punguzo alikuwa anafunga kamba, anaifungua, anaifunga tena. Alitazama maji, yametulia vile, hayana kosa lolote.

"Nachukua," akasema.

Wakashika godoro, huyu huku na huyu kule, wakampandisha mzee gatini. Alikuwa mwepesi kuliko mwanawe alivyodhani. Walipomweka kwenye pikapu, mzee akamshika mwanawe mkono.

"Siku za kuvuka usigeuke nyuma. Ukigeuka utapunguza, ukipunguza mafuta yatatuishia majini. Umesikia?"

"Nimesikia."

Mchomeleaji akapanda mbele, karibu na dereva wa pikapu. Gari likaondoka polepole, likaingia shimo la kwanza la barabara, na shingo yake ikawa imeshageuka.