Kufuli Chini ya Meza ya Asali

Injini ilikohoa mara moja, ikanyamaza, kisha ikashika.

Mulinge aliisikia akiwa ameupa mlango mgongo, kijiko cha asali kikiwa hewani. Akasikia na kokoto zikisagika chini ya magurudumu, polepole, kama gari linaloondolewa na mtu asiyetaka kuwasumbua wanaokula. Mgeni wake aliacha kutafuna.

"Hiyo si gari yangu?"

"Wacha wasiwasi, mama," alisema Mulinge, bila hata kugeuza shingo. "Hapo nje magari husogezwa kutwa. Lori likitaka kutoka, lazima mengine yapishe. Onja hii kwanza. Hii imetoka Mutomo, kule kukavu, nyuki wake hawajui maua mengine ila ya mgunga."

Mgeni akaonja, akafumba macho, akasema ni tamu. Nje, ule mngurumo ulipanda barabara kuu, ukachanganyika na malori ya Mombasa, ukapotea.

Mgeni huyo alikuwa mwanamke Mholanzi wa miaka sitini na kitu, jina lake Ilse. Alizaliwa Mutomo, katika hospitali ya misheni ambako mama yake alikuwa muuguzi, na akaondoka Kenya akiwa na miaka saba. Kiswahili chake kilikuwa cha utotoni kilichopigwa pasi darasani: safi, kikavu, kimenyooka. Alikuwa amekodi gari Nairobi aliendeshe mwenyewe hadi Makueni, avuke Kitui, ashuke Mutomo, akiwa na albamu ya picha za mama yake, atafute kama kuna yeyote kati ya watu wale aliye hai. Hayo yote alimweleza Mulinge kabla chapati hazijafika mezani, maana Mulinge alikuwa na kipaji cha kumfanya mtu aongee.

Alikuwa na miaka ishirini na minne, na alikuwa na kiburi cha kutosha watu watatu. Hoteli ilikuwa ya mama yake, Mwongeli. Meza ya asali kando ya mlango ilikuwa yake. Na ubao mkubwa uliosimama kando ya barabara ulikuwa wake pia. Aliuandika Januari kwa rangi nyekundu, baada ya abiria mmoja wa basi kusema kwa sauti, huku anakula maharagwe ya Mwongeli, kwamba vituo vya barabara hii ni vya kushika mkoba kwa meno. Siku hiyo walimshika Mulinge watu wawili asimrukie yule abiria. Usiku hakulala. Asubuhi akaenda kununua rangi.

KARIBU MALILI. HAPA HATUIBI. KULA KWA AMANI.

"Nimepita hoteli nne," Ilse alimwambia aliposhuka garini mchana ule. "Nimesimama hapa kwa sababu ya maandishi yako."

Mulinge alihisi ameongezeka urefu.

Lakini palepale mgeni akainama, akatoa chini ya kiti chuma cha manjano kirefu kama mkono, akaanza kukifunga kwenye usukani.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kufuli la usukani. Wenye gari wamesema nilifunge kila mahali, hata nikishuka kwa dakika mbili."

Mulinge alikitazama kile chuma. Akautazama ubao wake. Ilikuwa kama amezabwa kofi mbele ya watu.

"Mama, umesoma ule ubao?"

"Nimeusoma."

"Na bado unatufunga pingu?"

Alicheka aliposema hivyo, na ng'ambo ya uwanja Kyule, fundi wa kuziba matairi, aliyekuwa amelala chini ya lori, akacheka pia. Shingo ya Ilse ikawa nyekundu. Mulinge akaingiza mkono dirishani, akakichukua kile chuma kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Na ufunguo uache hapo hapo ulipo. Uwanja ni mdogo, tunasogezeana magari. Kila mtu hapa anaacha. Muulize Kyule."

"Wacha tu, madam!" Kyule akaitikia. "Hapa hata ukisahau pesa kwa meza utazikuta zimeota mizizi."

Ilse alisimama kitambo, mkono juu ya mlango wa gari. "Una hakika?"

"Hii ni Malili, mama. Si huko."

Huko ni wapi, hakusema. Aliliweka kufuli begani kama bunduki, akapiga hatua za askari mbele ya Kyule, "Malili imekamatwa! Mikono juu!", mpaka Kyule akakohoa kwa kicheko. Kisha akalisukuma chini ya meza ya asali, nyuma ya mitungi, akaingia ndani kumpakulia mgeni.

Ilse alipomaliza kula, akanawa, akatoka. Hakupiga kelele. Alirudi akasimama mlangoni, mkoba kifuani.

"Mulinge. Gari haliko."

Mahali lilipokuwa palikuwa na doa la mafuta, na mbuzi wa mtu akilinusa. Mulinge alizunguka uwanja mara mbili, kana kwamba gari ni kuku aliyejificha. Alichungulia nyuma ya choo. Alikimbia hadi kando ya lami, akatazama upande wa Nairobi, akatazama upande wa Mombasa. Kyule alitoka chini ya lori akiwa na uso wa majivu.

"Nimeona viatu tu," alisema. "Viatu safi. Nikadhani ni wewe unasogeza."

Walipokuwa wakimpeleka mgeni kituo cha polisi, Kyule alimvuta Mulinge nyuma kidogo, akanong'ona, "Sikiza, ndugu yangu. Ukisema ulishika ile kufuli, utalala ndani wa kwanza. Mimi sijaona kitu. Hata sijacheka."

Mulinge aliongeza hatua. Lakini aliyasikia, na yakakaa.

Sajini Ndolo alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifungua kitabu chake kikubwa, akaandika taratibu, huku akiongea.

"Hii ni ya tatu mwezi huu, madam. Zote za kukodi, zote za wageni. Siku hizi hawavunji kioo, wana kazi gani na kelele? Wanaona kibandiko cha kampuni huko Nairobi, wanakufuata pole pole, wanangoja ushuke ule. Kuna traka ya kuonyesha gari iko wapi?"

"Ipo. Nimewapigia simu wenye gari. Imenyamaza kilomita tano kutoka hapa."

"Wameing'oa, wameitupa. Sasa usukani ulifungwa?"

"Hapana."

"Ufunguo ulikuwa wapi?"

Ukutani palikuwa na kalenda ya duka la mbolea, na Mulinge akaanza kuisoma tarehe kwa tarehe. Alijua ni zamu yake.

"Niliuacha ndani," alisema Ilse. "Nilisahau."

Sajini Ndolo akacheka kwa pua. "Ah, wageni! Mnawaandikia wezi barua ya mwaliko." Akamgeukia Mulinge. "Na wewe kijana, si ungemwambia?"

Na Mulinge akausikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Nilimwambia, afande."

Ilse aligeuka akamtazama. Hakuwa na hasira. Alimtazama kama mtu anayesoma maandishi kwa mara ya pili.

Sajini akaandika: mgeni alionywa. Ilse akatia sahihi chini yake. Alipowapigia tena wenye gari na kuwasomea, sauti ya mwanamume ilisikika hadi kwenye benchi alipokaa Mulinge. Mtu wao angefika kabla ya jua kuzama. Na kama ni mteja aliyeacha ufunguo, tena baada ya kuonywa, basi bima haigusi. Gari lote ni juu yake. Kama ufunguo ungeachwa kwa kosa la mtu mwingine, hilo lingekuwa jambo lingine.

"Ni mimi," Ilse alisema tena kwenye simu.

Walirudi hotelini kungoja. Mulinge alitembea nyuma, na alipopita penye ubao wake hakuinua macho. Zile herufi nyekundu alizipima kwa rula, moja moja, ulimi nje, siku mbili mfululizo. Sasa alitamani mvua. Alitamani lori liukanyage. Alitamani kila kitu isipokuwa kufungua mdomo.

Mwongeli alikuwa amesikia habari kama kila mtu Malili alivyozisikia. Alimkalisha mgeni mahali penye kivuli, akamletea chai ya maziwa, akakataa malipo ya chakula kwa kusukuma mkono wake nyuma.

"Muvea," Ilse akashukuru.

"Ai! Anajua Kikamba!" Mwongeli akafurahi, kisha uzito ukamrudia. "Umeletewa mabaya kwetu, mama, na hayo si sisi. Ngoja. Hutaondoka mikono mitupu." Akainama chini ya meza ya asali kuchukua mtungi.

Mulinge aliuona mkono wa mama yake ukiingia nyuma ya mitungi. Chuma kiligonga mtungi wa kioo, kikalia. Mwongeli akakivuta, akakiinua kwenye mwanga, cha manjano, kina asali kidogo kwenye ncha.

"Mulinge, hiki ni chuma gani?"

"Ni yangu!" Kyule akadakia kutoka mlangoni, haraka mno. "Ya lori. Niliiweka hapo jana."

"Jana nilipanguza hapa chini," Mwongeli alisema polepole. "Hakikuwapo."

Ilse aliinamisha uso kwenye kikombe chake. Alingojea, wala hakusema neno. Na hicho kimya ndicho kilichomchoma Mulinge kuliko vyote. Kyule anamdanganya mama kwa ajili yake. Mgeni aliyeibiwa amani anamezea kimya kwa ajili yake. Na yeye, aliyetaka kumpiga mtu kwa kuitukana Malili, anasimama hapo akitunzwa kama mgonjwa.

"Si yako, Kyule," alisema. Akamgeukia mama yake. "Mwaitu, ni kufuli ya gari ya mgeni. Niliitoa mimi. Na ufunguo nilimwambia mimi auache. Na polisi nilisema nilimwonya."

Mwongeli hakumpiga. Angempiga, ingekuwa nafuu. Alikiweka kile chuma mezani mbele ya mwanawe, akajipangusa asali vidoleni kwa leso, kidole kimoja baada ya kingine, kisha akaingia jikoni.

Mulinge akamgeukia Ilse. "Kwa nini ulisema ulisahau?"

"Kwa sababu nilijua." Ilse alikuwa akitafuta maneno. "Nilijua nisiuache. Nina umri wa kujua. Lakini mlikuwa mnacheka, na mimi niliona haya kufunga gari machoni pako, kana kwamba nakuita mwizi. Hiyo haya ni kosa langu, nalichukua. Lile la polisi si langu."

"Najua."

"Basi mimi siwezi kulibeba."

Mulinge akachukua kufuli. Angeweza kulifunga kwenye gunia, lakini alilishika mkononi, wazi, akapita nalo katikati ya Malili saa kumi na moja jioni, watu wakiwa wamejaa penye maembe na mitumba. Ilse alimfuata. Nyuma yao akaja Mwongeli, amejifunga leso kiunoni, haongei na mtu.

"Mulinge!" mmoja akaita. "Umeajiriwa uaskari?"

"Ule ubao wako uongeze, hapa hatuibi ila magari!"

Kicheko kikamfuata hadi kwenye kona. Jana angerudi na ngumi. Leo aliyameza yote, kwa sababu yalikuwa yake.

Sajini Ndolo alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu ikiwa juu ya karatasi, akavua miwani.

"Unaelewa unachoniambia? Umetoa kufuli. Umeachisha mgeni ufunguo. Umemkalisha ndani na asali huku gari inaondoka. Hata mimi nikiamua kukupenda, wenye gari watasema wewe ni mwenzao hao wezi."

"Mimi si mwizi, afande."

"Hayo ndiyo uliandika barabarani, nimesoma. Hapa nakuuliza, ulinidanganya ama hukunidanganya?"

Mulinge alilaza kufuli juu ya kitabu kile kikubwa. "Nilikudanganya."

Sajini akalisogeza kufuli pembeni. Akapiga mstari juu ya maneno ya mchana, akaandika mengine chini yake, akakigeuza kitabu Mulinge atie sahihi. "Vua mshipi. Na kamba za viatu. Mpaka nijue wewe ni mjinga au ni mwenzao, utakaa hapa."

Mulinge akainama kufungua kamba. Pembeni aliviona viatu vya mama yake, vya plastiki, havisogei, na kando yake viatu vya mgeni, vyenye vumbi la Makueni.

"Leo umesema," Ilse alimwambia pale alipoinama. "Hapa tuko watu wanne. Mtu wa kampuni akija? Kukiwa na mahakama, na watu wa Malili wako nje wanasikiliza?"

Mulinge akasimama, suruali ameishika kwa mkono mmoja isianguke. Aliona jinsi anavyoonekana. Hakutazama pembeni.

"Nitasema maneno haya haya, mama Ilse," alisema, kwa sauti ambayo walioko barabarani waliisikia. "Kwa mwenye gari, kwa hakimu, na Malili yote ikiwa imesimama hapo inanicheka. Ulitaka kufunga, nikakuzuia mimi. Sitapunguza neno hata moja. Nakuahidi, mama yangu akisikia."