Kiazi cha Kumliza Mkaza Mwana

"Haya, mwanangu," alisema Mama Hermelinda, akamtilia Nicasia kiazi kiganjani. "Kimenye hapa hapa tukikuona. Ganda liwe jembamba, na kinundu kisikatike hata kimoja."

Kilikuwa kiazi kilichojaa vinundu mwili mzima, kama ngumi ya mtu aliyekasirika. Kila nyumba huku juu milimani inayo mbegu yake, na jina lake ni Mliza Mkaza Mwana. Msichana akiletwa na kijana wa nyumba, hukimenya jikoni mbele ya mama mkwe na mawifi, ndipo ijulikane kama amepokewa au atarudishwa kwao.

Nicasia hakuwa na kwao pa kurudi. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa bondeni kwa mjomba, na mkaza mjomba ndiye aliyemfundisha yeye ni nani. "Goigoi wewe! Kobe akikupita usishangae." Aliambiwa asubuhi, akaambiwa jioni, hata siku moja akaacha kulia, akaanza kuitikia. Wilber alipomchumbia, jambo la kwanza alilomwambia ni hilo: "Mimi ni mzito, ujue." Wilber akacheka, akadhani ni mzaha.

Sasa aliketi kwenye ngozi ya kondoo karibu na jiko, kisu mkononi. Alimenya kinundu cha kwanza. Akasita, akakigeuza kiazi, akakitazama, ndipo akaenda kwenye cha pili. Simbilisi waliofugwa humo jikoni walikuja miguuni pake wakayala maganda yote wakaanza kumtazama yeye. Maji ya supu yalichemka, yakaongezwa mengine, nayo yakachemka.

"Jamani, supu hii tutainywa lini?" aliuliza Eustaquia, shangazi yake Wilber. "Au tuiachie wajukuu?"

"Nyamaza, shangazi," alisema wifi mtu, Domitila. "Wewe chako ulikimenya mbio mbio kikabaki kama punje ya mahindi!"

Wakaangua kicheko wote. Nicasia hakuyasikia maneno, alisikia kicheko tu, na kicheko alikijua tangu utotoni, au alidhani anakijua. Akaharakisha kisu. Kinundu kikakatika, kikaangukia majivuni.

Akaweka kisu chini, akainuka, akachukua kifurushi chake cha nguo nyuma ya mlango.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mama Hermelinda.

"Nimekikata, mama. Na mimi ni mzito, afadhali mjue mapema. Nitateremka kabla baridi haijazidi."

"Nani kakwambia wewe mzito?"

"Kila mtu, mama."

"Kila mtu ndiye nani? Mtaje."

Nicasia akafikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo. Mawazoni akamkuta mkaza mjomba, amesimama mikono kiunoni. Akamtafuta wa pili. Akapita majirani, akapita mwalimu wa darasa la tatu, akapita wale aliokuwa akichunga nao kondoo. Hakumpata.

"Mmoja," alisema, naye akajishangaa.

"Hee!" alisema Eustaquia. "Mtu mmoja kajifanya kijiji kizima, nawe ukamwamini!"

Safari hii Nicasia aliyasikia maneno. Akaona kuwa kicheko hakikuwa chake peke yake, kila mmoja pale alikuwa na sehemu yake.

"Rudi ukae," alisema Mama Hermelinda. "Mimi nilivunja vitatu, nikavificha kwenye sketi. Mpaka leo mama mkwe wangu yuko kaburini hajui."

"Mama!" alimaka Domitila.

"Ndiyo hivyo. Huyu kavunja kimoja, kasema. Sasa niambie, mwanangu, kabla ya kila kinundu ulikuwa unasita. Ulikuwa unatazama nini?"

"Macho yake, mama. Pale kinapochipulia. Hili moja limeoza ndani, nje halionekani vizuri."

Mama Hermelinda akachukua kisu akakipasua. Kweli, ndani palikuwa na doa jeusi. Akawaonyesha wote.

"Nusu ya mbegu yetu ilioza ghalani mwaka jana," alisema, "kwa kuwa humu ndani wote ni watu wa haraka. Nilimwomba Mungu mvua na mbolea, sikujua kumwomba macho."

Kesho yake Nicasia alikuwa ghalani tangu asubuhi, miguu ndani ya majani makavu, akichagua mbegu. Mawazo ya zamani hayakumtoka siku hiyo. Kila mlango ulipolia alishtuka akaharakisha, kisha akakumbuka hakuna anayemfukuza. Domitila alikaa kando yake akimpa kimoja kimoja.

"Hiki je, wifi?"

Nicasia alikishika, akakigeuza, akakitazama mpaka aliporidhika.

"Hiki kizima."

Jua lilipopanda Nicasia akasema, "Asante, wifi."

"Asante ya nini? Mwenye kazi ni wewe."

"Ya kunisubiri," alisema Nicasia, akanyoosha mkono kupokea kingine.