Mtu wa Tatu Mezani

Phoebe alikuwa amechoka na watu wa utafiti kuliko alivyochoka na panya wa stoo. Panya angalau hawaji na barua. Watafiti walimiminika mwaka mzima katika maktaba ile ndogo ya mtaa wa Jamhuri, kila mmoja na tabasamu lake na kibali chake, wakitaka wasomaji wawaambie wanasoma nini, kwa nini, na wanajisikiaje wakishasoma. Wakipata walichokitaka, kwaheri. Hata kurudi kusema asante, au kueleza waligundua nini, huwa ni mzigo.

Mmoja wao ndiye aliyemfanya Phoebe atunge sheria. Kijana huyo aliwapiga wasomaji picha bila kusema zinakwenda wapi. Baadaye fundi mmoja wa mabomba, msomaji wa magazeti wa kila Jumamosi, aliitwa kuziba bomba katika hoteli moja mjini, akapita ukumbini na kujiona ukutani, mkubwa kama mgombea ubunge, chini ya maneno "Vijana Wasio na Matumaini". Fundi wa watu alikuwa na kazi, mke na pikipiki! Alikuja kumfokea Phoebe mbele ya watoto waliokuwa wakisoma. Tangu siku hiyo, mgeni yeyote aliyetaka kumhoji msomaji alilazimika kukubali mfanyakazi wa maktaba aketi pale mezani na kusikia kila neno. Na kwa kuwa zamu ya jioni ilikuwa ya Phoebe peke yake, aliyeketi ni yeye.

Kwa hiyo Mwihaki alipofika na mkoba wake wa chuo kikuu, Phoebe alimsomea sheria hiyo kabla hata hajamkaribisha kiti. Mwihaki alikubali bila ubishi. Alikuwa msichana mpole, mwenye viatu vilivyolowa matope, na makao makuu ya maktaba mjini yalikuwa yamempa ruhusa kwa sababu yalitaka jibu la swali moja. Je, kuna haja ya maktaba kuwa wazi hadi saa mbili usiku, au ifungwe saa kumi na moja?

Phoebe alilijua jibu alilolitaka yeye. Alikaa mbali, Uthiru, na kila siku alipofika nyumbani alimkuta bintiye Nasimiyu amelala kwenye kochi la jirani, sare ya shule bado mwilini. Alimbeba hivyo hivyo hadi kitandani. Asubuhi walionana kwa haraka, chai huku, viatu kule, na basi. Mtoto alikuwa anakua na mama alikuwa anamwona amefumba macho. Maktaba ikifungwa saa kumi na moja, wangekula pamoja. Phoebe hakuwa na aibu kulitaka jambo hilo. Miguu ilimvimba, mgongo ulimuuma, na mshahara haukujua kama ameshinda pale mchana tu au mpaka usiku.

Wasomaji walihojiwa mmoja mmoja katika chumba cha watoto, wamekaa kwenye vile viti vifupi, magoti karibu na kidevu. Siku ya pili ikawa zamu ya Muema. Huyu alikuwa mlinzi wa mchana katika jumba moja la fleti Kilimani. Akitoka kazini alikuja moja kwa moja, akanawa uso bombani, akafungua vitabu vya uhasibu na hakuinua kichwa mpaka taa zizimwe. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa mwezi wa kumi na mbili, na tayari alikuwa ameufeli mara moja.

"Nyumbani una mahali pa kusomea jioni?" Mwihaki aliuliza.

Muema alimtupia Phoebe jicho, akajiweka sawa kwenye kiti.

"Iko," alisema. "Meza iko, stima iko. Kuko tu poa."

"Na maktaba ikifungwa saa kumi na moja?"

"Hakuna shida. Nitasomea tu home. Hapa nakujanga tu ku-relax."

Ku-relax! Na uhasibu! Phoebe alitazama mezani. Alijua vizuri kuwa ule ulikuwa uongo mtupu. Mara ngapi, akishafunga mlango, alikuwa amemwona Muema amesimama kwenye veranda ya duka la ng'ambo, chini ya taa ya ulinzi, kitabu mkononi, mpaka mlinzi wa pale amfukuze? Mtu mwenye meza na stima hasomi amesimama kwenye baridi.  Lakini Phoebe alijiambia kuwa kazi yake mezani ni kulinda, si kusahihisha watu. Hayo alijiambia kwa ulimi. Moyoni alikuwa anahesabu anachoweza kumpikia Nasimiyu akifika nyumbani mapema.

Waliofuata waliimba wimbo ule ule. Nyumbani kuko sawa. Hakuna shida. Asante kwa kuuliza.

Baada ya majuma machache Phoebe na Mwihaki wakaitwa mjini, orofa ya juu ya makao makuu, mahali ambapo lifti ina mapumziko marefu kuliko wafanyakazi. Mwihaki alisoma aliyoyapata. Karibu wasomaji wote, alisema, wana mahali pengine pa kusomea jioni. Bwana Mungai, mkuu wa matawi, alisugua viganja kwa furaha. Gharama ya taa ingeokolewa, na ya askari wa usiku pia.

"Basi mwezi ujao tunafunga saa kumi na moja," alisema. "Ripoti kamili nipate Ijumaa, nitie sahihi. Phoebe, wewe ulikaa hapo. Ndivyo walivyosema?"

"Ndivyo walivyosema, boss," Phoebe alijibu. Na kweli, ndivyo walivyosema. Alihisi mabega yakishuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani.

Mungai alikuwa katika hali nzuri, na wakubwa wakiwa katika hali nzuri hupenda kuuliza habari za watu.

"Na wewe mwenyewe, hizi jioni zote, hazijakuletea shida kwa nyumba? Sema tu, uko free."

Wote waligeuka. Mwihaki aliinua kalamu. Hapo ndipo Phoebe angesema. Angesema mwanawe analala na sare kwenye kochi la watu, kwamba kuna siku amelia chooni maktaba na kunawa uso kwa bomba lile lile la Muema. Alifungua kinywa.

"Hapana, boss. Hakuna shida. Nyumbani kuko tu sawa."

Maneno yalitoka yenyewe, laini, na tabasamu juu yake. Mungai akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda kwenye jambo lingine. Phoebe alibaki amekaa, uso ukimchoma. Hakuna aliyemfundisha jibu lile. Ni jibu la kila mtu aliyelelewa vizuri: ukiulizwa habari ya nyumbani mbele ya watu, unasema nzuri, hata kama jikoni hakujawashwa moto. Yeye mwenyewe, mtu mzima, ameshindwa kumwambia mkubwa wake ukweli. Muema angeusemaje ukweli mbele ya mtu ambaye humwita madam, huazima vitabu kwake, na humwona kila siku kama mtu wa heshima? Sheria aliyoitunga kuwalinda ndiyo iliyowafunga midomo.

Alimkimbilia Mwihaki kwenye ngazi, kwa kuwa lifti ilikuwa imelala.

"Walikudanganya," alimwambia akihema. "Si wewe walikuwa wanaogopa. Ni mimi."

Mwihaki alisimama. "Madam, na ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Phoebe angeweza kutafuta sababu ya heshima. Alikuwa amechoka mno kuitafuta.

"Nilitaka kwenda nyumbani," alisema. "Ni hivyo tu. Nina mtoto. Nilitaka kwenda nyumbani."

Magari yalipiga honi kule chini. Mwihaki hakumlaumu, na afadhali angemlaumu.

"Uje Alhamisi uwaulize tena," Phoebe alisema. "Mimi sitakaa hapo. Usiwapige picha, usiandike majina. Hiyo tu ndiyo naomba."

"Na ile sheria yako?"

"Niliitunga mimi. Nitaiondoa mimi."

Alhamisi Mwihaki alifunga mlango wa chumba cha watoto, na Phoebe akabaki kwenye kaunta yake. Muema alipoitwa alisita mlangoni.

"Madam, kwani leo hukuji?"

"Sikuji. Leo ongea wewe na yeye."

Alikaa humo muda mrefu. Kupitia kioo Phoebe aliona mgongo wake tu. Mwanzoni ulikuwa umenyooka kama mgongo wa mlinzi getini. Kisha ukainama. Mikono ikaanza kuongea, ikionyesha kitu kidogo, nafasi ndogo ya chumba labda, na watu wengi ndani yake. Phoebe aligeuka akapanga kadi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Muema alipotoka hakumtazama. Alirudi kwenye kiti chake, akafungua kitabu, na kwa muda hakugeuza ukurasa.

"Siwezi kukuambia wamesema nini," Mwihaki alimwambia alipokuwa akifunga mkoba.

"Najua," Phoebe alisema. "Usiniambie."

Ripoti ilifika kwa Mungai Ijumaa, na Jumatatu akapiga simu, sauti imejaa pilipili. Imekuwaje, aliuliza, watu wale wale, swali lile lile, na majibu yamegeuka? Phoebe alisema waliulizwa vizuri zaidi. Mungai alishusha pumzi ndefu. Basi maktaba ibaki wazi hadi saa mbili, alisema, na zamu ni yako kama kawaida, sina mtu mwingine wa kuleta. Phoebe alisema asante, akaweka simu chini, akakaa na viganja usoni. Hakujisikia shujaa hata kidogo. Alimfikiria Nasimiyu na lile kochi.

Jioni hiyo mvua ilinyesha. Wasomaji walikuwa wengi, wanatoa mvuke kama nguo mbichi, na hakuna aliyezungumza. Phoebe alivua viatu chini ya kaunta mahali ambapo hakuna ambaye angeona miguu yake. Muema alikuwa wa mwisho. Alileta kitabu kaunta, akasimama kidogo.

"Madam, pole. Tunakuchelewesha sana, si ni kweli? Kwako ni mbali, na uko na mtoto. Hii haikuletei shida?"

Phoebe alimwangalia, akatabasamu.

"Hapana, Muema. Hakuna shida. Nyumbani kuko tu sawa."

Muema alimtazama kama mtu anayesikia maneno yake mwenyewe.

"Sawa, madam," alisema. Kisha, bila kuambiwa, akaenda kufunga madirisha na kupandisha viti juu ya meza, kimoja baada ya kingine, haraka haraka, ili Phoebe awahi nyumbani.