Ukosi wa Kimono ya Koyuri

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa ukosi. Fundi wa michoro alikuwa amemaliza kumvisha Koyuri kimono nyeupe ya harusi, akamsimamisha kwenye skrini kubwa ili bosi amkague. Wote waliangalia ua la nywele, wakasema lo, kapendeza. Mimi nikaona upande wa kulia wa nguo umelala juu ya upande wa kushoto. Hivyo ndivyo anavyovikwa maiti. Aliye hai huweka wa kushoto juu, hilo hapa Japani hata mtoto wa chekechea analijua. Fundi alikuwa amelipindua umbo zima, kama anavyopinduka mtu kwenye kioo, ili ua la nywele lenye alama ya mdhamini lielekee kamera. Ua likahamia upande wa pili, na ukosi ukahama nalo.

Mle ofisini hakuna aliyenitegemea niseme kitu.

Koyuri ni msichana wa kuchorwa. Anaishi kwenye mji wa mtandaoni, watu wanaingia humo kila mtu na umbo alilolichagua, wanatembea madukani, wanasikiliza nyimbo, wananunua viatu ambavyo mguu wa kweli hautavivaa kamwe. Kampuni yetu ilikuwa imepanga ghorofa ya tatu hapa Osaka, juu ya duka la vitumbua vya pweza, na harufu ya mafuta ilitupandia siku nzima. Sauti ya Koyuri ilikuwa ya Rena, aliyekaa nyuma ya kioo na kipaza sauti. Mwili wake nilikuwa mimi. Nilivaa nguo nyeusi ya kubana yenye vitambuzi kila kiungo. Nikiinua mkono, Koyuri anainua mkono. Shule niliiacha darasa la nne kwa sababu watoto walikuwa wakiicheka sauti yangu kila nikifungua mdomo, mpaka nikaacha kuufungua, kisha nikaacha kwenda. Kwa hiyo kazi hii ilinifaa. Ofisini waliniita Mwili.

"Mwili yuko wapi?"

"Mwili anakula."

"Mwambieni Mwili asishibe sana, Koyuri atacheza kama gunia."

Mashabiki hawaulizi aliye ndani ni nani. Ndiyo adabu ya mji ule, na anayeuliza hufukuzwa na wenzake. Walimsifu Koyuri kwa sauti yake, nyimbo zake, vichekesho vyake, yaani walimsifu Rena. Mmoja tu alikuwa tofauti. Umbo lake lilikuwa paka mnene aliyevaa koti la mvua, na alijiita Paka wa Mvua. Kwa kuwa aliwahi kusema mwenyewe, tulijua ni mwanamume wa mji jirani wa Sakai, anayesugua sakafu za hamamu, bafu la umma. Alikuja kila siku akasimama nyuma, na watu wakishatawanyika aliandika mstari mmoja: "Leo mikono ilikuwa mizuri." Au: "Mabega yamechoka leo. Tafadhali pumzikeni."

Rena alikuwa akiisoma kwa sauti ya kubana pua. "Mikono! Husikii, Mwili? Umepata mchumba. Anasugua migongo ya wazee."

Nilikuwa nikienda chooni na kuitazama mikono yangu.

Kisha akaja Gonda. Gonda hutengeneza video za mizaha na wafuasi wake ni wengi kuliko watu wa mji huu. Mdhamini alikuwa na kumbi za harusi huko Kobe, vijana hawaoi tena, kumbi zimekaa tupu, naye alitaka kujua kama harusi zinaweza kuuzwa mtandaoni. Gonda akamwambia atamletea umati.

"Koyuri anaolewa na shabiki," alieleza, huku akila vitumbua vya pweza juu ya meza yetu. "Watu wote wanakuja. Vikombe vya pombe vinanywewa, kiapo kinasomwa. Halafu, pah! Kichwa cha Koyuri kinatoka, kinaingia changu, na ndevu hizi. Naye bwana harusi tumemwashia kamera nyumbani kwake, sura yake ya kweli iko ukutani, kubwa kama nyumba. Tunamwona anavyoyeyuka."

"Tumchague nani?" bosi aliuliza. Bosi wetu ni Tokunaga, mtu mpole wa sauti.

"Anayependa kweli. Anayejifanya hachekeshi."

Rena akapiga makofi. "Paka wa Mvua!"

Siku ya mazoezi nilimfuata bosi kwenye korido. Maneno niliyapanga tangu asubuhi, lakini yalitoka vipande vipande. "Bosi, yule mtu... hajamkosea mtu. Kamera... mtandaoni hatuonyeshani sura..."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigusa bega, taratibu. "Kiwiko chako cha kulia kinashuka ukinywa kikombe. Kirekebishe. Maoni tunaye Rena wa kutoa. Wewe ni mwili, mama, na mwili ukianza kutoa maoni tunauita ugonjwa."

Akacheka, nami nikainama kumshukuru, kwa mazoea.

Ndiyo maana, siku ya ule ukaguzi kwenye skrini, niliuacha ukosi kama ulivyo. Nilijiambia Paka wa Mvua atauona. Mtu anayeona mabega yamechoka hawezi kukosa kuona bi harusi kavikwa kama maiti. Atastuka, atasema hii ni nuksi, atazima kamera na kuondoka kabla ya vikombe, na mzaha wao utabaki bila mtu wa kuchekwa. Sikuwa na njia nyingine ya kumwambia kimbia.

Siku ya harusi ukumbi wa kuchorwa ulijaa mpaka maumbo yakapandiana. Sungura, maroboti, wafalme, samaki wenye miguu. Gonda alijifanya msimamizi, kofia nyeusi ya kuhani kichwani. Ukuta wa nyuma ukawaka, na kwa mara ya kwanza, kwenye skrini yangu ndogo, nikaona uso wa Paka wa Mvua. Mwanamume wa miaka kama arobaini, masikio makubwa, nywele zimelainishwa kwa maji. Amesimama kwenye chumba kidogo mbele ya kabati la plastiki. Alikuwa amekodi kimono nyeusi ya bwana harusi, ya kweli, yenye nembo za ukoo, na mikono imewekwa pembeni sawasawa kama mtoto anayepigwa picha ya shule.

"Jamani, masikio!" mtu aliandika.

"Akipiga chafya anapaa."

"Karibu sana, bwana wetu!" Gonda alisema. "Umetokelezea! Unaitwa nani kwenye dunia hii yenye ushuru?"

"Shigezo," alisema. "Nawashukuru kwa kunichagua. Sistahili."

"Hilo tunakubaliana nawe." Ukumbi ukacheka, na yeye akacheka pia, akainama.

Koyuri akatoka. Yaani nilitoka mimi, hatua ndogo ndogo, kwenye chumba kitupu chenye mkeka wa mpira. Nusu ya ukumbi ilikuwa bado inapiga makofi mtu wa kwanza alipouona ukosi.

"Ngoja. Ukosi wake."

"Amevaa sanda!"

"Bi harusi maiti! Leteni ubani!"

"Sanduku liko wapi?"

Nyuma ya kioo nikamwona fundi anashika kichwa, na bosi anamwonyesha Gonda kidole: endelea, endelea, idadi ya watazamaji inapanda. Mimi nilikuwa nikiutazama ukuta. Sasa, nilisema moyoni. Zima. Ondoka.

Shigezo alisogea karibu na kamera yake, akakunja uso, akaona. Hakustuka. Alitazama maneno ya watu yakipita, sanda, ubani, sanduku, na masikio yake yakawa mekundu. Kisha akarudi nyuma, akafungua mkanda wa kimono yake. Akauvuta upande wa kushoto chini, akaulaza wa kulia juu yake, akafunga mkanda upya. Yeye, mtu hai, nyumbani kwake, kwa mikono yake mwenyewe.

"Unafanya nini, bwana?" Gonda aliuliza, na safari hii hakuwa anaigiza.

"Mmemcheka bi harusi," alisema Shigezo. "Kama amevaa hivyo, basi nami nivae hivyo. Asiende peke yake."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko.

"Maiti wawili! Bei ya jumla!"

"Fungate makaburini!"

Gonda alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akaleta vikombe, tukanywa, Shigezo sake ya kweli, pombe ya mchele, na mimi hewa. Kiwiko changu hakikushuka. Akaleta kiapo. Kwa kawaida bwana harusi ndiye anayesoma, kisha mwisho anataja jina lake, na bi harusi anaongeza lake, basi. Shigezo alisoma bila kukosea hata neno, akataja jina lake lote.

"Koyuri!" Rena alisema nyuma ya kioo, kwa sauti ya sukari.

Na hapo hapo, pah. Kwenye skrini yangu ndogo shingo yangu ikaota kichwa cha Gonda, ndevu na meno. "Njoo unibusu, mume wangu!" alinguruma. Nilichotakiwa kufanya ni kucheza, kutikisa kiuno na kurusha mikono. Tulikuwa tumefanya mazoezi.

Sikucheza. Nilipiga magoti, nikaweka viganja chini, nikashusha paji la uso mpaka likagusa mpira. Nilikaa hivyo. Sikuwa na namna nyingine ya kumwomba radhi, na mwili ulikuwa wangu.

Lakini hawakuniona mimi. Walichoona ni Gonda mwenye ndevu, kavaa sanda, kajitupa kifudifudi mbele ya masikio yale. Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Rena alianguka kwenye kiti. "Mwili kaua!" alipiga kelele. "Mwili katuua wote!"

Nilipoinua kichwa ukuta ulikuwa bado unawaka. Shigezo hakulia. Alikuwa amepiga magoti kwenye chumba chake, anajibu kuinama kwa kuinama, kama adabu inavyotaka, na kisogo chake kikubwa kama nyumba kikiwa juu ya watu wote wanaocheka. Kisha mkono wake ukaja kwenye kamera, na ukuta ukazimika.

Video ile imetazamwa sana. Pale kwenye magoti ndipo wanapoparudia. Mdhamini alifurahi, sasa anauza harusi za maiti kila Jumamosi, vijana wanapanga foleni wavae kinyume na kucheka, na fundi aliyekosea ukosi kapandishwa cheo. Bosi aliniita akanipongeza kwa ubunifu. Akasema kuanzia sasa kuinama kule kuwe sehemu ya kazi. Kila Jumamosi nainama.

Paka wa Mvua hakurudi. Wakati mmoja nilipanda treni mpaka Sakai, nikalitafuta lile hamamu, nikasimama upande wa pili wa barabara mpaka wakafunga na kushusha pazia la mlangoni. Sikuvuka. Ningevuka ningesema nini, na kwa sauti gani?

Lakini siku ile, kiapo kilipokwisha na Rena akatamka lile jina la kuchorwa, midomo yangu nayo ilitembea. Sikuwa na kipaza sauti, na uso wangu hauna vitambuzi, kwa hiyo nililolitamka halikuonekana wala kusikika popote. Nilitaja jina langu, kama anavyotaja bi harusi, na sikuwa natania.

Kishimoto Orie.